Samaki wa Mafia kufika Majengo: sheria ya hifadhi ya bahari inamfuata mnunuzi hadi Dodoma?

kitoweo_majengo

Mbukwenyi wakuu.

Hapa Dodoma tumezoea perege wa Mtera, sato na sangara wa Mwanza, na dagaa. Samaki wa bahari wanaofika Majengo na soko la Job Ndugai wengi wamepitia Feri, soko la samaki la Dar, na pale hakuna anayeuliza sana wametoka wapi. Sasa kuna mpango wa kuchukua mzigo moja kwa moja Mafia: pweza kilo 120, changu na chewa kilo 100, nguru kilo 80, jumla kilo 300 kwa wiki. Unavuka Kilindoni hadi Nyamisati kwa kivuko, Nyamisati hadi Dar kwa gari, halafu Dar hadi huku usiku, kama kilomita 450.

Muuzaji ni mkusanyaji wa Kilindoni. Stakabadhi zake zote zinaandikwa "Kilindoni", lakini samaki wenyewe wanatoka Jibondo na Juani, vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Samaki aliyevuliwa ndani ya hifadhi anaruhusiwa kuuzwa nje ya hifadhi? Kosa likifanyika baharini, adhabu inaishia kwa mvuvi au inamfikia na aliyekaa Majengo? Karatasi zipi zisafiri na mzigo, na kila moja inatolewa na nani? Na samaki wa baruti anatambuliwaje kwa macho, maana akifika huku ameshalala kwenye barafu zaidi ya saa 24?

Mkusanyaji anasema pia anaweza kuongeza majongoo bahari makavu, "vibali vya Unguja vipo". Kuna na mteja mwenye hoteli anayetaka matumbawe na makombe ya kupambia mapokezi. Hayo mawili mniambie tu yanafaa au hayafai.

---

pwani_na_bara

Mkuu, tuanze kwa kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa sana huku bara: hifadhi ya bahari na eneo tengefu. Sheria ni moja, ile ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994 (Sura ya 146), ila masharti hayafanani hata kidogo.

Eneo tengefu halivuliwi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini za Dar, Maziwe ya Pangani, Shungimbili, Nyororo na Mbarakuni za upande wa Mafia: humo mtu anaingia kutalii au kufanya utafiti, baada ya kulipa kiingilio, na hatoki hata na kombe. Samaki akitajwa kuwa katoka Mbarakuni, hakuna karatasi ya kumsafisha.

Hifadhi ya bahari ni habari nyingine, kwa sababu ina vijiji ndani yake. Ziko tatu: Mafia, iliyotangazwa 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kule Mtwara, ya mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na Silikanti (jina la samaki adimu) ya Tanga, ya 2009, kilomita za mraba 552. Watu wa Jibondo, Juani na Chole walikuwapo kabla ya hifadhi, na uvuvi ndiyo kazi yao. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, samaki wa ndani ya hifadhi anauzwa, mradi amevuliwa na mtu mwenye haki, kwa zana inayokubalika, na katika ukanda sahihi.

Kanda ndizo zenye kazi. Kwa Mafia, mpango wa usimamizi umegawa maji katika sehemu tatu. Kanda ya kiini haivuliwi kabisa, hata kwa mshipi wa mkono. Kanda ya matumizi maalumu ni ya wakazi wa vijiji vya hifadhi peke yao, na nyavu za kukokota haziingii humo. Kanda ya matumizi ya jumla inawapokea wakazi, na pia wavuvi wa dago wanaotoka nje, ila hao wa nje lazima wawe na kibali kilichopita kijijini na kwa mhifadhi. Samaki yule yule, changu wa kilo moja, mshipi ule ule: mita mia chache kushoto ni halali, mita mia chache kulia ni kosa. Kwa kumtazama changu huwezi kujua. Unajua kwa chombo kilichomleta na mtu aliyekiendesha.

Sasa rudi kwenye stakabadhi ya "Kilindoni". Kilindoni ni makao ya wilaya na iko nje ya mpaka wa hifadhi. Ofisi ya hifadhi iko Utende. Mkusanyaji anaandika Kilindoni kwa sababu ndipo anapopimia mizani, si lazima awe na nia mbaya. Lakini kwa mkaguzi, samaki wa Jibondo aliyeandikwa Kilindoni ni samaki aliyefichwa asili yake. Umechukua kitu halali ukakivalisha uongo. Akiulizwa mvuvi akasema Jibondo, na karatasi inasema Kilindoni, mzigo unazuiwa mpaka mmalizane kusemezana, na pweza hasubiri.

Mlolongo wa karatasi uanze kwenye diko, pale boti zinaposhusha samaki. Chombo kiwe na namba ya usajili na leseni ya uvuvi ya mwaka husika. Anayekusanya awe na leseni yake ya biashara ya mazao ya uvuvi. Kijijini, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za fukwe) au ofisi ya kijiji inathibitisha chombo, tarehe, aina na kilo. Halmashauri inakata ushuru na kutoa stakabadhi ya mashine. Kwa karatasi hizo afisa uvuvi wa wilaya anatoa kibali cha kusafirisha, kinachotaja aina za samaki, uzito, chombo cha usafiri na mahali mzigo unakoishia. Kiandike Dodoma, kisiandike Dar. Kibali kinachoishia Dar kikikutwa Gairo, njiani kuja huku, ni karatasi ya kufungia maandazi.

Kuhusu zana, zifuatazo hazikubaliki popote Tanzania Bara, ndani ya hifadhi au nje: baruti, sumu pamoja na utupa wa majani, kokoro la kukokota ufukweni, nyavu za timba, bunduki ya mshale, na kuvua ukiwa na mtungi wa kuzamia. Ndani ya hifadhi kila moja ya hizo inaongeza kosa la pili juu ya lile la uvuvi.

Pweza: asipungue gramu 500. Huyu mnyama anakua haraka na maisha yake ni mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, ndiyo maana vijiji kadhaa vya Mafia hufunga miamba ya pweza kwa miezi, kisha vikaifungua kwa siku maalumu. Muulize mkusanyaji ratiba ya kufunga na kufungua. Akikuletea kilo 120 za pweza wa kijiji ambacho mwamba wake umefungwa, swali lako limeshajibiwa.

Majongoo bahari: acha. Kuyavuna porini Tanzania Bara kumepigwa marufuku. Yanayoruhusiwa ni ya shambani, yenye vibali vya shamba hilo. Na vibali vya Unguja havina nguvu Mafia. Uvuvi wa maji ya karibu na uhifadhi wake si mambo ya Muungano; Zanzibar ina sheria yake na maeneo yake kama Menai, Mnemba na Chumbe. Karatasi ya Unguja kwa mzigo uliopakiwa Kilindoni inazua swali baya zaidi kuliko kutokuwa na karatasi.

Matumbawe na makombe: mwenye hoteli anunue picha. Kasa, nguva na silikanti hawauzwi hata kama wamenasa kwa bahati mbaya. Aliye hai anarudishwa majini, aliyekufa anaripotiwa.

---

mkokoteni_wa_tano

Mbona mnamtia mwenzenu homa? Mnunuzi aliyenunua mnadani, akapewa stakabadhi ya halmashauri, hana kosa. Wakamshike mvuvi. Vinginevyo mama lishe wote wa Dodoma wako hatarini.

---

wakili_area_c

Ndugu mkokoteni, stakabadhi inathibitisha kuwa umelipa. Haisemi samaki alivuliwaje. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake (Tangazo la Serikali Na. 308 la 2009, zilizorekebishwa 2020) hazikuandikwa kwa ajili ya mvuvi peke yake. Kuwa na samaki waliopatikana kwa njia haramu, kuwasafirisha na kuwauza ni makosa yanayosimama yenyewe, hata kama maisha yako yote hujawahi kuiona bahari. Mama lishe mwenye vipande vinne vya nguru hatafutwi na mtu. Anayetafutwa ni mwenye kilo 300 kila wiki, kwa sababu huyo ndiye soko.

Mwenye mada ameuliza adhabu. Watu hupenda kutajiwa namba moja, lakini tukio moja la baharini linazaa mashtaka kadhaa, na kila sheria ina adhabu yake.

Mfano: boti imepiga baruti ndani ya mpaka wa hifadhi. Kuna kosa chini ya Sura ya 146, la kuharibu na kuvua kinyume cha masharti ya hifadhi. Kuna kosa la Sheria ya Uvuvi, ambalo kwa baruti ni kifungo kisichopungua miaka 5. Baruti yenyewe, kama haina kibali, inaangukia Sheria ya Baruti, Sura ya 45. Chanzo chake kimojawapo ni ile inayochepuka migodini na kwenye machimbo ya mawe, kwa hiyo mnyororo unaweza kuanza huku huku bara na kuishia kwenye mwamba. Juu ya yote hayo, mwendesha mashtaka akiona mtandao wa watu, anaweza kuongeza shtaka la genge la uhalifu, au la kuisababishia mamlaka hasara, chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Huko kifungo ni miaka 20 hadi 30.

Neno "mtandao" ndilo linalomfikia mnunuzi wa Majengo. Anayetuma pesa ya mafuta ya boti kabla ya safari, anayekopesha mashine na nyavu, halafu anapokea samaki wa boti hiyo hiyo wiki baada ya wiki, anaonekana mfadhili. Miamala ya simu inatoka kwa tarehe na saa, na haisemi "nilidhani ni mshipi". Kama unataka kumkopesha mvuvi, andikianeni: aina ya zana, namba ya chombo, eneo la kuvulia, na sharti kwamba mkopo unakufa siku zana haramu ikikutwa ndani. Karatasi ya namna hiyo haikufanyi malaika, ila inaonyesha ulikubali nini na ulikataa nini tangu mwanzo.

Chombo, zana na gari vinaweza kutaifishwa kwa amri ya mahakama. Mwenye gari la kukodi aliyekuwa hajui ana nafasi ya kusikilizwa, lakini atasikilizwa akiwa tayari gari lake limelala kituoni. Ukikodi Fuso, mwonyeshe dereva kibali na mpe nakala.

Kwa makosa madogo ya uvuvi, kama leseni iliyoisha, sheria inampa Mkurugenzi wa Uvuvi nafasi ya kufifilisha kosa. Mkosaji anakiri kwa maandishi, anapewa namba ya malipo ya serikali, analipa, anapata stakabadhi, mambo yanaisha bila mahakama. Anayekuambia umpe mkononi yaishe hapo hapo hafifilishi kosa. Anaongeza la pili, na wewe ndiye shahidi wake. Na kama huoni kosa lako, usikiri ili tu barafu isiyeyuke; kukiri kunabaki kwenye jalada, na mzigo wa pili ukikamatwa wewe si mgeni tena.

Sasa upande wa ukamataji, kwa sababu kesi nyingi hufia hapa na wenye mzigo pia hupoteza haki zao hapa. Mzigo ukizuiwa, dai hati ya ukamataji yenye aina, idadi ya madeli, kilo zilizopimwa mbele yako, sahihi yako na ya shahidi asiye askari. Soma kabla ya kusaini: "samaki mbalimbali kilo nyingi" si maelezo. Samaki wanaoza, hivyo hawawezi kutunzwa hadi siku ya hukumu. Utaratibu ni fomu ya inventori (orodha ya vielelezo) na amri ya hakimu ya kuwateketeza au kuwauza, na PGO (Amri za Jumla za Polisi) namba 229 inataka mtuhumiwa apelekwe mbele ya hakimu huyo na asikilizwe, pamoja na vielelezo kupigwa picha inapowezekana. Mahakama ya Rufani imekuwa kali hapo. Inventori iliyofanywa mtuhumiwa akiwa mahabusu bila kuitwa inakosa uzito, na kilichobaki ni maneno ya askari kwamba kulikuwa na samaki.

Na kwa wenzangu wa ofisi za mashtaka wanaopita humu: shtaka la uhujumu uchumi haliendi bila ridhaa ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka (kifungu cha 26), na likisikilizwa mahakama ya chini badala ya Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, lazima iwepo hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Kwa kosa la uhujumu peke yake, hati hiyo hutolewa chini ya kifungu cha 12(3). Likichanganywa na lisilo la uhujumu, na kesi za baruti karibu zote huchanganywa na kosa la uvuvi, ni 12(4). Ukikosea mabano, au ridhaa ikakitaja kifungu cha adhabu na kukiacha cha kosa, mwenendo mzima unafutwa kwenye rufaa, miaka baadaye, mvuvi akiwa ameshakaa ndani na mwamba ukiwa umeshakufa. Namba hizo ni za toleo la zamani. Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025, limepanga upya vifungu vya sheria nyingi, hivyo hati ya leo iandikwe toleo jipya likiwa wazi mezani.

---

mkaguzi_wa_mezani

Nijibu la baruti, wengine wameshamaliza ya vitabuni.

Maji hayabanani, hewa inabanana. Mlipuko unatuma mgandamizo ndani ya maji, unampita samaki, na pale penye hewa ndipo panapopasuka. Kwa hiyo usianze kumtazama samaki nje. Nje anaweza kuwa mzuri kuliko wa mshipi: magamba yote yapo, hakuna alama ya ndoana mdomoni wala mstari wa uzi wa nyavu nyuma ya mashavu. Kwa kweli huo uzuri ndio dalili ya kwanza. Samaki hafi bila sababu; kama hana jeraha la zana yoyote, jiulize kafa na nini.

Chukua kisu kidogo, mpasue kuanzia tundu la haja kuelekea kichwani, kwa juujuu usikate matumbo. Sogeza matumbo pembeni utazame kibofu cha hewa, kile kifuko cheupe chini ya uti wa mgongo. Wa baruti kimechanika, kingo zake zina damu. Halafu pitisha kidole juu yake, kwenye uti wenyewe. Damu nyeusi iliyoganda kufuata uti, mbavu zilizoachana na nyama, au uti uliovunjika ndani wakati ngozi ya nje ni nzima: hizo zikikutana, kataa deli lote. Nyama nayo hulegea mapema, ukibonyeza shimo halirudi, hata kama macho bado ni angavu.

Dalili zinazodanganya ni tatu. Ya kwanza ni chewa wa kina kirefu. Akivutwa kwa mshipi kutoka chini, hewa yake inapanuka, macho yanatoka, tumbo linajitokeza mdomoni, na kibofu kinaweza kupasuka. Huyo si wa baruti. Tazama alama ya ndoana, na tazama uti: hauna damu wala mvunjiko. Ya pili ni tumbo kupasuka kwa kuchelewa barafu, hasa samaki aliyekufa akiwa ameshiba. Hapo nyama ya tumbo imeyeyuka na inanuka, lakini hakuna damu iliyoganda, kwa sababu maiti haivuji damu namna hiyo. Ya tatu inaelekea upande wa pili: nguru hana kibofu cha hewa. Ukimpasua usikute kilichochanika, usishangilie. Kwake tazama uti na damu tu. Pweza vivyo hivyo, hana kibofu wala mfupa, kipimo hiki hakimhusu. Kwa pweza mizani ndiyo mkaguzi.

Samaki wanaotembea kwa makundi, mbono na kolekole, ndio wanaolengwa zaidi, kwani bomu moja linatakiwa lilipe. Changu na chewa wa mwambani hufa humo humo kama nyongeza, pamoja na wadogo ambao hakuna anayewaokota. Mwamba uliopigwa unabaki kifusi kinachobingirika na mawimbi, na tumbawe changa halishiki juu ya kokoto zinazotembea. Hii ndiyo sababu hasira za sheria ziko kwenye baruti kuliko kwenye leseni.

Fungua samaki watano kwa kila deli: wawili wa juu, mmoja wa kati, wawili wa chini. Wa juu ni wa maonyesho, kila mpanga samaki anajua hilo.

Sumu haionekani kwa kisu. Ukishuku, sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia afisa uvuvi, zikiwa zimefungwa na kusainiwa. Ukizipeleka mwenyewe mkononi, majibu hayatamsaidia mtu mahakamani.

---

kitoweo_majengo

Shukrani wakuu, tena sana. Mambo mawili yamebaki. Mkusanyaji hupenda kutumbua samaki Mafia ili kupunguza uzito na harufu. Kipimo cha kibofu kitafanyikaje wakiwa wameshatumbuliwa? Na kilo: kibali kikisema 300 halafu mizani ya Dodoma ikasema 275, naonekana nimeuza njiani?

---

mkaguzi_wa_mezani

Wakitumbuliwa umepoteza kibofu, hujapoteza uti. Ondoa ule mstari wa damu ya figo ulio juu kabisa ya tumbo. Kila samaki anao, usiutie hesabuni. Kisha tazama nyama iliyo pembeni ya mfupa. Damu iliyojipenyeza ndani ya nyama na mifupa iliyoachana haiondoki kwa kuosha. Bora zaidi, agiza kumi kati ya kila deli waachwe na matumbo, wawekewe alama za kamba kwenye mapezi, nao wakae tabaka la chini kwenye barafu nyingi. Mkusanyaji akikataa kabisa kukuachia hata kumi, umejua.

Barafu iwe kilo kwa kilo na samaki, deli liwe na tundu la kutolea maji chini. Pweza awe ndani ya mfuko, asiogelee kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka: anakunywa maji yasiyo na chumvi, anapauka, na uzito wake unakuwa wa uongo.

---

pwani_na_bara

Kilo kupungua kunaeleweka, hasa pweza na samaki waliotumbuliwa baada ya kupimwa; aandike kwenye kibali "waliotumbuliwa" au "wazima", basi. Kinacholeta maneno ni kilo kuzidi. Kibali cha 300 na mzigo wa 340 maana yake kuna kilo 40 za samaki wasio na baba.

Hilo hutokea Dar, pale madeli yanapofunguliwa Feri kubadilisha barafu na kujaziwa mapengo kwa samaki wa mnadani. Barafu ibadilishwe, samaki wasichanganywe. Kila deli libandikwe karatasi ndani ya nailoni: diko, tarehe, namba ya usajili wa chombo, aina, kilo. Ukitaka kuongeza samaki wa Feri, wapate deli lao na kibali chao. Na perege wa Mtera wasipande gari hilo kabisa siku ya kupokea mzigo, mkaguzi akiona samaki wa maji mawili kwenye gari moja atafungua kila kitu.

---

wakili_area_c

Nyongeza ndogo. Ile sehemu ya "mahali walipovuliwa" kwenye karatasi ya kijiji, mkusanyaji asiandike jina la kisiwa tu. Aandike kijiji na ukanda: "Jibondo, matumizi ya jumla". Mwandishi awe mtu wa BMU, si mkusanyaji mwenyewe, na sahihi ziwe mbili.

---

kitoweo_majengo

Nimempigia mkusanyaji sasa hivi. Majongoo amekubali kuyaacha, karatasi ya BMU anasema inawezekana ila boti moja kati ya nne hana namba yake ya usajili.

---

pwani_na_bara

Basi anza na tatu.